Continental Grand Prix 5000 S TR ya milimita 32: tairi la kwenda nalo kilomita 200 na kundi

Kundi la waendesha baiskeli 20 lina matairi 40, na tairi moja likipata pancha wote wanasimama. Pancha sita za dakika kumi kumi ni saa nzima imeliwa kando ya barabara: miguu inapoa, jua linapanda, na vituo vya njiani, ambako kila mwendeshaji hugongewa muhuri kwenye kadi yake, vina saa zake za kufungwa. Kwa hiyo tairi la safari ndefu ya pamoja halichaguliwi kwa wepesi tu. Cha kuuliza kwanza ni litawasimamisha wenzako mara ngapi, na likitoboka litazibika bila kuvuliwa?

Kwa kipimo hicho, GP5000 S TR ni tairi zuri sana la lami. Lina kasoro mbili ambazo mnunuzi azijue mapema: ubavu wake ni mwembamba, na kulivisha ni kazi.

Lilitoka mwaka 2021 kuchukua nafasi ya GP5000 TL. Ni la tyubulesi, yaani hushika hewa bila tyubu ndani, ingawa linakubali tyubu vilevile. La milimita 32 lina uzito wa gramu 320 hivi. Chini ya sehemu ya kukanyagia kuna utepe wa nyuzi za Vectran wa kuzuia miiba na vigae vya chupa, lakini utepe huo haufiki ubavuni. Mpira wake unashika vizuri hata kwenye lami yenye maji, na hilo lina uzito mkubwa kundini, maana anayeteleza kwenye kona haanguki peke yake.

Wengi wanasita kati ya upana wa milimita 28 na 32. Kwa safari ya kundi, chukua 32 kama fremu inaruhusu. Ukiwa katikati ya msafara huioni barabara. Unachokiona ni mgongo wa mwenzako na gurudumu lake lililo chini ya mita moja mbele yako. Akichelewa kuonyesha shimo kwa mkono, umeshaingia. Tairi la 32 lina hewa nyingi ya kupokea pigo hilo kabla rimu haijagonga ukingo wa shimo. Pima nafasi kabla ya kulipa: kwenye rimu pana tairi la 32 hutanuka kupita 32, na linahitaji angalau milimita 4 kila upande, fremuni na kwenye uma wa mbele. Baiskeli nyingi za zamani zenye breki za kubana rimu hazina nafasi hiyo. Hizo zibaki na 28 au 25.

Sasa kulivisha. Utepe wa rimu, ule unaobandikwa ndani yake kuziba matundu ya spoki, uwe mpana kuliko upana wa ndani wa rimu kwa milimita 2 au 3, na rimu ifutwe kwa spiriti kwanza. Utepe uliobandikwa juu ya mafuta ya mkono huachia taratibu, na hewa hutokea kwenye matundu ya spoki. Kama kuna mshale wa mwelekeo ubavuni mwa tairi, ufuate. Anza kuvisha upande ulio mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu, huku ukizisukuma kingo za tairi ziingie kwenye mfereji wa katikati ya rimu kuzunguka gurudumu lote. Mfereji huo ndio unaokupa ulegevu wa sentimita chache za mwisho. Anayeanzia kwenye valvu hukwama, kwa sababu kitako cha valvu kimeuziba mfereji palepale alipohitaji ulegevu. Pakiwa pagumu, paka maji ya sabuni na utumie vikono vya plastiki vya kuvulia tairi. Vya chuma huchana ukingo, na ukingo uliochanika haushiki hewa tena.

Toa kiini cha valvu upige hewa kwa nguvu mpaka usikie milio miwili, tap, tap: kila ukingo umekaa. Mstari mwembamba uliochorwa juu ya rimu uonekane kwa umbali uleule pande zote. Ukizama mahali, toa hewa, paka sabuni hapo, rudia. Halafu mimina dawa ya pancha, ule ute unaoziba matundu kutoka ndani, mililita 40 hadi 45 kupitia valvu, rudisha kiini, zungusha gurudumu, kisha lilaze upande mmoja kwa dakika kumi na upande wa pili vivyo hivyo. Tairi jipya hutoa jasho la dawa ubavuni na hupoteza hewa siku mbili tatu za kwanza. Ndiyo sababu lisivishwe usiku wa kuamkia safari. Livishe wiki tatu kabla, na utembee nalo angalau kilomita 100.

Kiasi cha hewa, kinachopimwa kwa psi, ndipo wengi wanapokosea. Kwa mwendeshaji ambaye yeye na baiskeli yake ni kilo 85, anza na psi 55 mbele na 58 nyuma, kisha rekebisha psi mbili mbili. Mvua ikinyesha punguza kidogo. Rimu zisizo na kulabu kingoni zina kikomo cha psi 73, yaani bar 5, na hapo hakuna mjadala: kupita hapo tairi linaweza kuruka kwenye rimu. Ukitaka kujaza hadi 90 kama zamani, dawa yenyewe inashindwa, kwa sababu msukumo mkubwa huitupa nje kabla haijaganda tunduni.

Kwenye safari yenyewe, tundu dogo hujitangaza kwa mlio wa "fss, fss, fss" kila gurudumu linapozunguka, na matone meupe yanayomrukia wa nyuma. Waliotoka na kundi wavae miwani. Usishike breki. Inua mkono, sema kwa sauti "pancha!", endelea kwa mstari uleule huku ukipungua mwendo, na utoke kando nafasi ikipatikana. Simama tundu likiwa chini kabisa ili dawa ilifikie. Mara nyingi hewa hukoma kutoka ikiwa imebaki psi 35 au 40, na kinachotakiwa ni kuongeza tu. Tundu la zaidi ya milimita 3 halijizibi. Sukuma utambi wa kuzibia ndani ya tundu, acha sentimita moja nje, usiuvute wote. Mwenye ujuzi anamaliza kwa dakika mbili.

Mtungi wa hewa ya kaboni wa gramu 16 unatosha tairi moja la 32. Geuza valvu iwe juu kwanza, kwa sababu baridi ya hewa ile inagandisha dawa nyingi za mpira. Hewa hiyo hutoka upesi, kwa hiyo jioni jaza upya kwa pampu ya kawaida.

Ubavu ukichanika, hapo ndipo S TR inapoonyesha udhaifu wake. Jiwe lenye ncha kwenye bega la barabara linatosha, na dawa haisaidii. Kila mtu abebe tyubu moja na kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 4 kwa 6, kingo zake zimepunguzwa unene. Ng'oa valvu ya tyubulesi (beba koleo dogo, nati yake hukazwa na dawa iliyokauka), pitisha vidole polepole ndani ya tairi kutafuta miiba, maana miiba ambayo dawa ilikuwa imeificha itaitoboa tyubu papo hapo. Weka kipande juu ya mpasuko, kisha tyubu. Jaribu kulivua na kulivisha tairi nyumbani kwa mikono yako mwenyewe mara mbili. Asiyeweza kulivua sebuleni hataliweza kwenye upepo akiwa na vidole vyenye dawa.

Kama njia yenu ina vipande vya kokoto au mtatembea usiku kucha, nunua ndugu yake, GP5000 AS TR: ni zito zaidi na ni la polepole kidogo, lakini lina kinga zaidi, na lipo toleo lenye ukanda ubavuni unaorudisha mwanga wa taa za magari. Kwa lami nzuri ya mchana, S TR inatosha.

Dawa hukauka. Kila baada ya miezi miwili au mitatu, mapema zaidi kwenye joto, toa kiini cha valvu uchungulie na uongeze mililita 20 hadi 30. Kwenye sehemu ya kukanyagia kuna vitundu viwili vidogo vya kupimia uchakavu. La nyuma huisha kwanza: vitundu vikitoweka, litupe, hamishia la mbele nyuma, na jipya livishwe mbele.