Waya au QR: kuunganisha pochi ya kripto na kivinjari

Ledger Nano S Plus na Keystone 3 Pro ni pochi za kripto za kifaa: vidude vinavyotunza funguo za siri za pesa zako za kidijitali. Kwa bei, Ledger inashinda Keystone, tena haina betri ya kuchaji. Umeme inaupata kwenye waya wa USB. Ila waya una masharti. MetaMask, programu ya pochi inayokaa ndani ya kivinjari, huwasiliana nayo kupitia WebHID, njia ya kivinjari kuongea na kifaa cha USB, ambayo Firefox haina, kwa hiyo utatumia Chrome, Brave au Edge. Na ukiisahau wazi Ledger Wallet (zamani Ledger Live), programu ya Ledger ya kompyuta, muunganisho unaweza kugoma.

Keystone hutumia QR, ule msimbo wa picha: kifaa kinaskani kioo cha kompyuta, unasaini (yaani unaidhinisha muamala), halafu unakigeuza kitazame kamera ya kompyuta. Kamera ikiwa mbovu, utakoma.

Usalama? Kwa njia zote mbili funguo hazitoki kwenye kifaa. Lakini Desemba 14, 2023 wezi walipenyeza msimbo wa programu wa hila kwenye Ledger Connect Kit, programu ya kuunganisha pochi inayotumiwa na tovuti nyingi. Aliyesaini bila kusoma angeweza kuliwa pesa zake, hata kama pochi yake si Ledger. Hapo kioo kikubwa cha Keystone kina faida: muamala unasomeka.

Unafanya miamala kila siku kwenye kompyuta yako mwenyewe? Waya unatosha. Akiba ya miaka, au hutaki kuchomeka kitu kwenye kompyuta? QR. Tovuti ikikuomba yale maneno 24 ya siri ya kurejesha pochi, ifunge.