Sindano ya enoksaparini kwa mjamzito aliyeugua UVIKO-19

Niliitumia dawa hii ya kuzuia damu isigande mishipani Agosti 2021, nikiwa na mimba ya miezi saba, baada ya kulazwa kwa UVIKO-19. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani nilikabidhiwa cheti cha mabomba 10 ya sindano yaliyokwisha kujazwa dawa, miligramu 40 kila moja, nijichome mwenyewe mara moja kwa siku. Daktari alinieleza kwamba mimba yenyewe huifanya damu igande kwa urahisi, na mfuko wa uzazi unapokua hukandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, hasa mguu wa kushoto. Korona nayo huvuruga kuta za mishipa, na kulala kitandani siku nyingi huongeza balaa. Donge la damu likichomoka mguuni likafika mapafuni, linaweza kuua.

Bomba lenyewe limetengenezwa kwa akili. Hakuna kuvuta dawa kichupani, na sindano ni nyembamba kiasi kwamba woga wake unazidi maumivu yake. Kiputo cha hewa kinachoonekana ndani hakitolewi. Mimi nilikitoa siku ya kwanza, kwa mazoea ya kuwaona wauguzi, nikamwaga na tone la dawa. Unabana ngozi ya ubavuni mwa tumbo, unachoma wima, dawa ikiisha unaachia ngozi, wala husugui. Siku ya nne nilijisahau nikasugua, na vilio la damu likakaa hapo wiki nzima, jeusi kama zambarau.

Sifa yake kubwa ni kwamba haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto, tofauti na vidonge vya warfarini, ambavyo navyo huzuia damu kuganda.

Lawama ninazo. Bei ni kubwa kwa mshahara wa kawaida. Boksi linataka joto lisilozidi nyuzi 25, na hapa Tanga sharti hilo ni mtihani. Karatasi ya maelezo niliyoikuta haikuwa na neno hata moja la Kiswahili. Lililoniuma zaidi ni kwamba dawa hutokana na utumbo wa nguruwe, na duka lililoniuzia halikunitajia. Nilijua siku ya sita, kwa mfamasia mwingine. Shehe wetu aliniambia niendelee, kwa kuwa ni dharura, nami nikaendelea, lakini nilistahili kuambiwa kabla ya kufungua boksi.

Anayeitumia karibu na kujifungua amweleze mkunga saa aliyojichoma mara ya mwisho, maana ganzi ya mgongoni husubiri angalau saa 12 baada ya dozi ya kiwango hiki.