TAHADHARI: Baiskeli za mtumba zinazouzwa kama "tayari kwa mota ya kati" (mota ya umeme inayofungwa penye pedali)

Matangazo haya yamezagaa kwenye makundi ya kuuza na kununua, Dar hata Nairobi. Fremu ya aluminiamu ya mtumba, rangi mpya, picha zote za upande wa kushoto, na maneno "inafaa mota yoyote ya kati, funga utembee". Maneno hayo ndiyo yanayopandisha bei. Kisha muuzaji anataka nusu ya pesa kwa simu kabla hujaiona. Usitume.

Mota kama Bafang BBS02 haiingii kila fremu. Inapita ndani ya bomba la ekseli ya pedali, na shingo yake ina kipenyo cha milimita 33.5. Inataka bomba la kawaida lenye nyuzi ndani, kama za skrubu, upana milimita 68 au 73. Baiskeli nyingi za gharama kutoka Ulaya zina bomba lisilo na nyuzi, beringi zinagongewa tu, kipenyo 41, 42 au 46. Humo mota inacheza. Wajanja hukunja bati la kopo wakalishindilia ili ikaze siku ya kuonyeshwa. Ukipanda mlima, mota inajisokota kwenda juu, bati linasagika, na bomba linaliwa mpaka linapoteza uduara. Bomba la Kiitaliano la upana wa 70 lina nyuzi, lakini kipenyo chake ni kikubwa, 36, na hili huwapita hata mafundi wazuri.

Kwa hiyo dai kranki (mikono ya pedali) na ekseli vitolewe mbele yako, upime kwa kalipa. Ekseli ya kopo (iliyofungwa pamoja na beringi zake) iliyoandikwa "BC 1.37x24" ni dalili njema ya bomba la kawaida. Muuzaji akisema "ikifunguliwa itaharibika", ondoka.

Sasa zunguka upande wa kulia, ule usiopigwa picha. Mirija miwili inayokwenda gurudumu la nyuma ikitanuka mara tu baada ya bomba, kama kwenye baiskeli nyingi za milimani, nyumba ya gia ya mota itaigonga. Tazama pia chini ya bomba: kile kiplastiki cha kupitishia waya za gia mara nyingi huzuia mota isikae. Chunguza maungio kwa tochi. Rangi nzito sehemu moja tu huficha ufa uliochomelewa, na aluminiamu ikichomelewa bila kupikwa upya hulegea kando ya weldi. Fremu ya kaboni usiiguse kabisa, hata ikitolewa bure.

Breki ya kurudisha pedali nyuma itakufa. Mota nyingi za kati zina klachi ndani, ukirudisha pedali cheni haisogei. Wauzaji wa baiskeli za Kidachi hawalisemi hili.

Habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma nayo iangalie, maana nguvu yote ya mota inapita kwenye cheni. Friwili ya kusokota (rundo la gia linalofungwa kwa nyuzi kwenye habu) yenye gia 7 huacha beringi mbali na ncha ya ekseli, ndiyo maana ekseli hukatika upande wa kulia. Tafuta habu ya kaseti, ambayo gia huchomekwa juu ya mwili wake wenye mifereji; mwili huo uwe wa chuma, kwa sababu wa aluminiamu huchimbwa na meno.

Wengine huongezea betri "48V 20Ah" kwenye kifurushi. Ipime uzito. Seli peke yake za betri hiyo, safu 13 za seli 7 za ukubwa wa 18650, zinafika kilo 4. Ikiwa nzima ina kilo 2 na nusu, namba zimebandikwa tu.

Kwa aliyekwisha nunua: bomba la 42 au 46 lenye upana wa 68 au 73 lina adapta halisi za kukerezwa, tupa bati uzifunge. La 41 lina upana wa 86 au 92, mota ya kawaida haifiki ng'ambo. Hapo unahitaji BBSHD, mota nyingine ya Bafang, ya milimita 100 pamoja na adapta yake, au urudishe fremu.