Kamusi za Kiingereza za mwanafunzi: ipime kwa neno "run" kabla hujalipa

Kila Januari, watoto wanapoanza kidato cha kwanza na masomo karibu yote kugeuka ya Kiingereza, wazazi wa Mbeya huanza kusaka kamusi, mjini na Mwanjelwa. Kwenye meza za vitabu utakutana na aina tatu: ya mfukoni ya Kiingereza–Kiswahili, nene ya wanafunzi inayoeleza Kiingereza kwa Kiingereza, na kamusi ya visawe, yaani maneno yanayokaribiana maana. Majalada hujisifia idadi ya maneno. Achana nayo. Fungua herufi R, tafuta "run".

Ya mfukoni hupendwa kwa bei, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Nyingi huandika: kimbia, endesha, tiririka, gombea. Mkato baada ya mkato, mfano hata mmoja hakuna. Mtoto akikuta "the colours ran" atasema rangi zilikimbia, kumbe kitenge kimechuja. "We ran out of sugar" ndiyo balaa zaidi: hapo hakuna mbio zozote, sukari imetuishia. Ukipata ndogo iliyotenga maana kwa namba na kuipa kila namba sentensi yake, chukua, hata kama maana zenyewe ni saba tu.

Kamusi ya wanafunzi ndiyo inayostahili hela. Chini ya "run" hakikisha inaonyesha "ran", na inatofautisha matumizi yenye yambwa (kinachotendwa), kama "run a shop", na yasiyo nayo, kama "the river runs". "Run into", "run over" na "run out of" ziwe na sehemu yake, zisichanganywe na mengine. Nzuri pia hutaja nchi: Mmarekani husema "run for Congress", Mwingereza husema "stand for Parliament". Ugumu wake ni kwamba maelezo yenyewe ni ya Kiingereza. Kwa hiyo chagua ile iliyojifunga kueleza kwa maneno 2,000 hadi 3,000 ya kawaida. Mara nyingi orodha ya maneno hayo huchapwa nyuma. Kwa mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili, miezi ya mwanzo aitumie pamoja na ile ndogo.

Kamusi ya visawe msimnunulie wa kidato cha kwanza. Kazi yake ni kumkumbusha mtu neno analolijua tayari, si kumfundisha jipya. Peter Mark Roget alipotoa yake London mwaka 1852 aliyapanga maneno kwa makundi ya mawazo, si kwa alfabeti, na zinazofuata mtindo huo huanziwa kwenye faharasa ya nyuma, yaani orodha ya maneno kwa alfabeti. Asiyejua hilo atapekua mpaka akate tamaa. Zile za alfabeti ni rahisi, lakini zina mtego: "sprint", "jog", "dash", "manage" na "flow" hupangwa mstari mmoja. Hapo ndipo huzaliwa sentensi kama "My uncle sprints a shop in Tukuyu". Hata ndani ya mbio zenyewe hayalingani: "sprint" ni kasi yote kwa umbali mfupi, "jog" ni mwendo wa taratibu, "dash" ni kuchomoka kwa haraka. Kidato cha tano, sawa, na akague kila kisawe kwenye kamusi ya kawaida kabla ya kukiandika.

Programu za simu zina sauti ya matamshi, jambo ambalo karatasi haina. Pakua inayofanya kazi bila intaneti. Ila kwa mtoto wa bweni haisaidii, maana shuleni simu ni marufuku.

Mwisho, nakala bandia. Tazama alama za matamshi kando ya neno: kwenye nakala iliyorudufiwa, vijialama hivyo huwa vimeungana kuwa doa. Kisha fuatisha namba za kurasa, kwa sababu vitabu hushonwa kwa mafungu, na fungu likirukwa hupotea kurasa 16 au 32 kwa mpigo. Fungua katikati kabisa ukandamize kidogo. Gundi ikilia, haitamaliza muhula wa kwanza.