Haisi ya Kulala, Saadani Mpaka Tanga: Msikodi Kabla Hamjaliona Hili Paa

Haya, mambo vipi watu wangu! Usiondoke kwanza, nipe dakika moja tu, maana hii iliyo nyuma yangu siyo daladala. Naam, ni Haisi, ile ile yetu ya kubanana. Ila hii imeng'olewa viti vyote vya nyuma, ikawekwa kitanda, jiko, friji, sinki ya kuoshea vyombo, na paa linaloinuka. Mimi na mume wangu tumeikodi Dar, watoto tukawaacha kwa bibi yao, tukashika njia ya pwani: Bagamoyo, Saadani, Ushongo, Pangani, mpaka Tanga mjini. Kamera kashika yeye, kwa hiyo picha ikitikisika mnajua wa kumlaumu.

Mambo ya injini leo sigusi. Haisi mnaijua, spea zake zimejaa kila mahali. Friji ipo, taa zipo, pa kuchajia simu papo. Twende kwenye paa.

Ingia ndani, baba. Mlango wa pembeni uache wazi, nitakwambia kwa nini. Haya, hapa juu ya kichwa cha dereva kuna vifungo viwili, kulia na kushoto. Bana, vuta. Bana, vuta. Sasa viganja vyote juu, sukuma... umeona? Mimi nimeanza tu, hizi shoki za gesi za pembeni zimemalizia zenyewe. Na mimi ni mfupi, mnanijua, sikuhitaji kigoda wala kijana wa kunisaidia.

Turubai linalozunguka paa lina madirisha matatu, na kila dirisha lina pazia mbili: ya nje ni turubai lenyewe, ya ndani ni chandarua. Sogea hapa, waoneshe matundu. Hayo siyo ya kuzuia mbu peke yake, hata usubi haupiti, na aliyewahi kulala karibu na mikoko hana haja nimweleze usubi. Fungua yote matatu, sikia huo upepo! Tumesafiri msimu wa kusi, usiku upepo unaingia dirisha hili unatokea lile, tumelala bila feni. Chini huku kwenye kitanda cha pili nimejaribu kulala mchana, nikatoka nimelowa jasho.

Halafu zipu ni za plastiki. Cheka tu, lakini pwani zipu ya chuma chumvi inaishika, siku ukitaka kufunga dirisha mvua inanyesha, inakataa katikati. Aliyelitengeneza hili gari bahari anaijua.

Haya, sasa ndiyo jambo lenyewe lililofanya nirekodi video hii. Huu ubao wa kitanda cha juu, humu ndani ya paa, umekatwa vipande viwili. Nainua cha mbele hivi, nakiegemeza. Tundu hilo. Nateremsha mguu wa kwanza kwenye egemeo la kiti, wa pili kwenye kiti chenyewe, nainama, nakaa. Niko kwenye usukani. Nimetoka kitandani mpaka kwenye usukani na mguu wangu haujagusa ardhi! Baba, warudishie polepole waone. Tena narudi: kiti, egemeo, tundu, kitandani.

Utasema, sasa kinakusisimua nini? Ngoja. Saadani ndiyo hifadhi ya taifa pekee hapa Tanzania ambapo pori linakutana na Bahari ya Hindi. Ilikuwa pori la akiba, ikapandishwa hadhi mwaka 2005, na ina kama kilomita za mraba 1,100. Twiga wapo, tembo wapo, simba wapo, kongoni, kuro, tohe, nyati. Kwenye Mto Wami kuna viboko na mamba. Na kambi haina ukuta. Unalala, mawimbi upande huu, upande huu wengine wanakula majani.

Usiku tukasikia kitu kinang'oa nyasi. Kwarr, kwarr, taratibu kabisa, hakina haraka na mtu. Nikafungua pazia la turubai, chandarua nikakiacha, nikamulika kwa tochi. Nyati. Dume, peke yake, karibu na kamba tulizoanikia taulo. Kila anayelijua pori atakwambia nyati dume wa peke yake siyo wa kufanyia mchezo.

Sasa majirani zetu, wachumba kutoka Arusha, watu wazuri sana, walikuja na Land Cruiser yenye hema la juu, lile la kupandia ngazi ya nje. Yule dada akawa amebanwa. Choo cha kambi kiko pale, ngazi iko nje, nyati yuko chini ya ngazi. Kila baada ya muda tunasikia kutoka gizani, "Jirani, ameondoka?" "Bado dada, jikaze." Jamani, nilimhurumia, lakini nilicheka mpaka mume wangu akaniziba mdomo na mto. Sisi choo chetu cha kubebeka kiko kwenye kabati chini ya kitanda. Hapana, hicho sitawaonesha kikifanya kazi, mwenye kamera ananikatalia kwa kichwa.

Kwa hiyo wale mnaoniandikia kila wiki "dada, Land Cruiser ndiyo gari, Haisi ni gari la michicha", nimewasikia. Kwenye tope Land Cruiser itatuacha, sibishani. Saadani ina ule udongo mweusi, mvua za masika zikipiga kuanzia Machi mpaka Mei unageuka gundi, na Haisi isiyo na foobaifoo utalala nayo hapo hapo, upende usipende. Wakati wa kiangazi tulipita. Polepole, lakini tulipita. Mimi ninachosema ni kwamba kwenye pori lisilo na ukuta, kabla hujauliza gari lina nguvu gani, uliza: nikiwa kitandani, naufikia usukani bila kutoka nje? Ukisikia kuna ngazi, fikiria kibofu chako.

Lakini sasa. Mbona nalisifu sana, kama nimelipwa? Sijalipwa, nimelipa. Njooni nyuma.

Mlango wa nyuma unainuka, unavuta droo: jiko hilo, plati mbili, mtungi mdogo wa gesi pembeni. Maridadi kabisa kwenye picha. Lakini ona nimesimama wapi. Nje! Mtu amehangaika akatutengenezea kitanda cha kumkwepa nyati, kisha jiko akalitoa nje ya gari. Asubuhi tunachemsha chai ya tangawizi, nimegeuka kuchukua sukari, nyani kaja kwa miguu yake kama mteja, kachukua mkate mzima, kakaa juu ya jiwe anautoa kwenye nailoni. Hakukimbia hata. Tangu hapo mmoja anapika, mwingine analinda, na hiyo siyo likizo, hiyo ni zamu.

Na kufunga paa. Nilisema mlango uache wazi, ndiyo hii sababu: ukilishusha na milango yote imefungwa, hewa haina pa kutokea, turubai linatuna kwa nje, kisha linabanwa na ukingo wa paa. Likibanwa mara mbili tatu linatoboka. Gari tulilopewa lina viraka viwili pembeni, na kwenye kona kuna madoa ya kuvu, maana yake kuna waliolifunga likiwa limelowa. Nikamuuliza mwenye gari, akaniambia "hiyo ni rangi". Rangi gani inanuka? Kwa laki tatu na themanini kwa siku, bila mafuta, nataka turubai linalonuka turubai.

Bei hiyo ni ya gari tu. Hifadhini kuna kiingilio cha kila mtu, cha gari, na ada ya kambi. Mtanzania na mgeni viwango vyao havifanani, na getini hawapokei taslimu, kwa hiyo simu iwe na salio kabla hujaingia porini, maana mtandao kule unakuja na kuondoka. Ukijumlisha yote, kuna lodge zenye kitanda kikubwa na kifungua kinywa zinakaribiana na hapo. Mume wangu amelisema hilo njia nzima. Kisha tukafika Madete.

Madete ni ufukwe ulio ndani ya hifadhi ambako kasa wa kijani wanapanda kutaga. Ndugu zetu mnaotutazama mkiwa Muscat, nyie huko Oman mna ufukwe wa Ras al Jinz, kasa ni hao hao wa kijani. Tulikuta njia yake mchangani, mapana kama tairi la trekta, imetoka majini ikapanda, ikarudi. Tulikaa mbali, hatukumulika, kwa sababu mwanga unawachanganya, mama anaweza kurudi baharini bila kutaga. Ushongo nako wanatuhadithia kisiwa cha Maziwe, kilichokuwa na miti. Mmomonyoko ukaila yote, na sasa maji yakijaa kisiwa kinazama chote. Kasa bado wanakwenda kutaga pale, basi watu wa uhifadhi wanahamisha mayai kuyaleta Ushongo yasizame. Baada ya hapo sikumsikia tena mtu akitaja lodge.

Tulivuka Bweni kwenda Pangani kwa kivuko, Haisi ikatoshea vizuri, tukaendelea mpaka Tanga. Silikanti, yule samaki wa kale, hatukumwona, msiniulize, anaishi kwenye kina kirefu huko. Ile hifadhi yake ya bahari ya Tanga ipo tangu 2009, na wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tulikula changu wa nazi badala yake.

Matangazo ya chaneli haraka: fulana zimerudi, saizi zote. Wa Mombasa tunakuja, acheni kulalamika.

Ningekodi tena? Kiangazi, ndiyo, lakini siyo gari hili lenye viraka. Kununua? Mwenye kamera ameshaanza kutafuta Haisi kuukuu tuikate paa wenyewe. Na mimi ndiyo nauliza: mwenye fundi aliyewahi kukata paa la Haisi, masika yakapita halijavuja, aandike hapo chini. Bei tutaongea baadaye. Kwanza nataka picha ya dari, iliyopigwa mvua ikinyesha.