Bamba la chuma kutoka Kamukunji ndani ya oveni ya mezani: uzoefu wangu

Oveni yenyewe ni hizi za mezani zilizojaa kwenye maduka ya vyombo vya umeme hapa Nairobi: lita 38, wati 1500, koili juu na chini, mlango wa kioo kimoja chepesi. Chapa siitaji, maana nyingi ni ndugu wa tumbo moja waliobandikwa majina tofauti. Kwa keki haina neno. Shida ni mkate na piza. Juu pameshaungua, chini pangali peupe, na ukitafuna unga unakunata menoni.

Nilipoweka kipimajoto ndani ndipo nilipoelewa. Swichi imezungushwa hadi 230, kipimo kinasoma chini ya 200, na ukifungua mlango tu, joto linaporomoka. Oveni hizi ni bati jembamba lisilotunza joto jingi, na hewa ya ndani haina akiba. Mlango ukifunguka, imekwenda. Koili za juu zinawaka kwa nguvu kufidia, zinachoma uso wa mkate huku tumbo lake limelalia trei ambayo haijapata moto.

Dawa ni kuweka ndani kitu kizito kinachotunza joto. Kuna wanaotumia kigae cha udongo kisicho na rangi ya kung'aa. Mimi nilichagua chuma kwa sababu hupitisha joto upesi kuliko udongo, na kwa sababu Kamukunji, soko la mafundi wa jua kali wanaofua vyuma hapa Nairobi, ipo.

Pale jua kali, kati ya masanduku ya shule na makarai, nyundo zinagongwa mpaka uagize kwa kupaza sauti. Nilitaka bamba la sentimita 30 kwa 30, unene milimita 6. Fundi akaniuliza, "Mama, hii ni ya kufunika shimo?" Nikamwambia ni ya kuokea mkate. Alicheka, akamwita mwenzake aje asikie, halafu akanitolea bati linalong'aa, lililopakwa zinki, akilisifu kwamba halishiki kutu. Ukipewa hilo, likatae. Zinki ikipata moto mkali haifai kukaa karibu na chakula. Omba chuma cheusi kitupu. Alinikatia kwa grinda kutoka kipande kilichosalia kwenye kazi ya lango, akazungusha kona na kupiga tupa kingo zote hadi nikaweza kupitisha kidole bila woga. Bei tulipatana bila kuvutana sana, na kazi yake sina la kuitoa kasoro.

Chuma hicho huja na mafuta ya kiwandani na ngozi ya kijivu iliyokishika. Nilikiosha kwa sabuni, nikakilaza kwenye beseni la siki usiku kucha, na asubuhi ile ngozi ikatoka kwa waya wa kusugulia sufuria. Baada ya hapo ni kukisuuza na kukikausha papo hapo, kwani ukigeuka tu kutu imeanza. Paka mafuta ya kupikia, kisha yafute kana kwamba hukuyataka, ukichome ndani ya oveni kwa moto wa juu. Rudia mpaka kiwe cheusi. Madirisha yawe wazi; jirani yangu alibisha kuuliza kunaungua nini.

Tofauti niliiona kwenye piza ya kwanza: chini pakavu, pana madoa ya kahawia, kipande hakipindi mkononi. Mkate nao unapanda mapema. Hapa tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, unga huumuka haraka, kwa hiyo unahitaji moto mkali mwanzoni ili ushike umbo kabla haujavimba kupita kiasi. Bamba linautoa moto huo kwa chini, mahali oveni ilikuwa inashindwa.

Gharama ya stima si ya kutisha. Kupasha kilo 4 na kitu za chuma hadi nyuzi 220 kunakula kama sehemu ya kumi ya uniti moja ya tokeni, ukiacha joto linalovuja. Kinacholiwa ni muda: nusu saa nzima ya kupasha kabla ya kuoka, na haraka haisaidii.

Kero zipo. Wavu uliokuja na oveni uliinama katikati, ikabidi niweke nyavu mbili pamoja. Bamba lisilazwe juu ya koili wala kugusa kuta, liachiwe nafasi hewa izunguke. Hubaki la moto muda mrefu baada ya kuzima, jambo la kuangaliwa kama una watoto jikoni. Na wati 1500 ni zaidi ya ampea 6, basi chomeka ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba iliyoshikilia pia friji.

Bamba nalipa nyota tano, oveni tatu. Keki za vikombe huungua chini likiwa ndani, kwa hiyo siku hizo nalitoa, na anayeoka keki peke yake asijisumbue kwenda Kamukunji.