Kulala kwenye nyumba za mawe Lamu kwa bei nafuu: kagua ukuta kabla ya kusifu zidaka

Kwa msafiri mwenye begi mgongoni na pesa za kuhesabu, mji wa kale wa Lamu una jambo adimu. Unaweza kulala ndani ya nyumba ya mawe ya karne ya 18, chini ya dari ya boriti, kwa bei ya gesti ya kawaida. Nyumba nyingi za aina hii zimegeuzwa gesti, na tunazipa alama za juu kuliko malazi mengine yoyote ya bei hiyo mjini. Ila vyumba vya nyumba moja havifanani hata kidogo, na bei haikwambii kipi ni kizuri. Kinachokwambia ni ukuta, upepo na maji.

Anza na ukuta. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, mawe yanayonyonya unyevu kutoka ardhini. Plasta ya chokaa huuacha unyevu utoke taratibu. Pale mwenye nyumba alipokarabati kwa simenti na rangi ya mafuta, unyevu hukwama ndani, chumvi hujitokeza, na rangi huvimba na kubanduka. Pitisha kiganja ukutani kuanzia usawa wa goti kushuka chini. Ukiona unga mweupe vidoleni, au plasta inalia kama kitu kitupu ndani ukiigonga, omba chumba kingine. Katika chumba kama hicho begi lililoegemezwa ukutani huanza kunuka ukungu, na taulo haikauki hata ukiianika kutwa nzima. Shida hii iko zaidi orofa ya chini. Zamani huko chini kulikuwa stoo na mahali pa watumishi, wenye nyumba wenyewe wakikaa juu, na hawakukosea.

Usishangae vyumba kuwa virefu na vyembamba. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa hiyo vitanda viwili hupangwa kwa urefu na nafasi ya kupita hubaki finyu. Katika ramani ya asili, msana (ukumbi mrefu wa mbele) na ndani (chumba cha nyuma yake) vilitenganishwa kwa pazia tu. Gesti za bei ya chini zimeziba nafasi hizo kwa mbao nyepesi, na kikohozi cha jirani utakisikia kama mko chumba kimoja. Gonga kizuizi kabla ya kulipa: kikilia kama ngoma, hamia chumba chenye ukuta halisi pande zote. Zidaka, yaani vishubaka vilivyonakshiwa ukutani, ni za kuvutia kweli, lakini usitundike kitu wala kupigilia msumari. Plasta ile ni kazi ya mkono, na ikimeguka ni vigumu kumpata fundi wa kuirudisha ilivyokuwa.

Chaguo letu la kwanza ni orofa ya juu, au kitanda cha darini, yaani juu ya paa bapa la nyumba, chini ya makuti pale wanapokiruhusu. Mitaa ni myembamba na nyumba zimegeukia ndani kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, kwa hiyo upepo hauingii chini. Juu unaupata, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi. Ukilala darini, omba chandarua chenye pindo refu la kuchomeka chini ya godoro pande zote, maana upepo hukiinua na mbu wakaingia kwa uwazi wa upana wa kiganja tu. Wakati wa kusi mvua hupiga kwa ubavu, basi vuta kitanda mbali na ukingo wa kusini. Alfajiri kuna umande, hivyo shuka nzito au kikoi ni lazima, na simu usiiache wazi usiku.

Raha ya juu ina gharama yake, nayo ni maji. Tangi hukaa darini, na maji hushuka kwa uzito wake mwenyewe. Bafu la orofa ya juu liko karibu usawa mmoja na tangi, ndiyo maana bomba la mvua hutiririka kama uzi huku la chini likitoka kwa nguvu. Umeme ukikatika pampu haipandishi kitu. Uliza mambo mawili: tangi hujazwa saa ngapi, na je, kuna ndoo na kata bafuni? Ukikuta birika la zamani lenye visamaki, usivitoe, vinakula viluwiluwi vya mbu. Maji ya visima vingi mjini yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri, na si ya kunywa. Kama gesti ina jiko la wageni, nunua mtungi mkubwa wa maji badala ya chupa ndogo ndogo.

Kitanda cha kamba kijaribu kwa kukikalia katikati. Kamba zikilegea, kiuno huzama na mgongo utauma asubuhi. Kuzikaza ni kazi fupi, na mtunzaji wa nyumba hakatai akiombwa mapema. Milango ya kale ina komeo la ndani na mnyororo wa nje, basi beba kufuli lako la ukubwa wa kati.

Kuhusu bei, vijana wanaokungoja gatini si wabaya na njia wanazijua, ila ukiingia gesti nao, kamisheni yao hutiwa kwenye bei ya chumba chako. Acha begi kwenye mkahawa, tembea mwenyewe, piga hodi, salimia kwanza, kisha ulizia bei ya siku tatu au zaidi kwa pamoja. Uliza pia kama kifungua kinywa kimo. Kama hakimo, hujapoteza kitu: mahamri na mbaazi ya mtaani yatakushibisha, na jioni tafuta mkate wa mofa ukiwa bado moto. Aprili hadi Juni bei hushuka sana, ingawa baadhi ya nyumba hufungwa. Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, vyumba hujaa hadi mtaa wa Langoni, na mwisho wa mwaka vivyo hivyo. Ramadhani mchana mikahawa mingi hufungwa, kwa hiyo chagua gesti yenye jiko.

Adhana ya alfajiri na milio ya punda utavisikia popote ulalapo. Mwenye usingizi mwepesi aje na vizibo vya masikio.

Kwa njia ya barabara basi huishia Mokowe, upande wa bara, kisha unavuka kwa boti. Boti ya abiria wengi ni nafuu kuliko boti ya kasi ya kukodi. Kitambulisho au pasipoti iwe mkononi, kwani kuna vizuizi vya ukaguzi njiani. Siku ya kuondoka, mabasi ya Mombasa huanza safari asubuhi na mapema, wakati mlango mkubwa wa gesti bado umekomewa. Lipa usiku uliotangulia, na mwambie mtunzaji saa utakayoshuka ili akufungulie.